Ryoko Tani: Ufundi wa Kuingia Chini

Ryoko Tani ana kimo cha sentimita 146. Alipigana katika uzani wa kilo 48, ulio mwepesi kuliko wote katika judo ya wanawake, na hata humo, miongoni mwa wepesi wenzake, wengi waliosimama mbele yake walimzidi urefu wa mikono na wa miguu. Kuanzia 1992 hadi 2008 alishiriki Michezo ya Olimpiki mara tano na kurudi na medali mara zote tano: dhahabu mbili, fedha mbili na shaba moja. Ubingwa wa dunia aliutwaa mara saba. Hesabu hiyo imeandikwa sana, kwao Japani na kwingineko. Mimi huvutwa zaidi na kazi iliyoizaa. Kwa karibu miaka ishirini kila aliyetaka dhahabu ya uzani ule, awe anafanyia mazoezi Paris, Havana au Pyongyang, ilimbidi amsome mwanamke huyu mmoja. Walitazama mikanda ya video ya mapambano yake, wakajua atashika wapi na ataingia vipi, wakaandaa kinga. Wakapanda ulingoni, wakaanguka.

Anayetaka kuelewa jambo hilo aanze na mwereka wenyewe.

Mtazamaji mgeni huuona mwereka wa judo kama tukio moja. Watu wawili wameshikana, ghafla mmoja yuko hewani, kisha yuko chali. Walimu wa judo huugawa katika hatua tatu, nao huzitaja kwa Kijapani popote walipo duniani. Ya kwanza ni kuzushi, yaani kumwondoa mwenzako kwenye mizani yake mpaka uzito wake ulalie ncha za vidole au kisigino. Ya pili ni tsukuri, kuuingiza mwili wako mahali panapofaa kabla hajajiweka sawa. Ya tatu ni kake, kumwangusha. Hiyo ya tatu ndiyo inayopigiwa makofi, nayo ndiyo nyepesi kuliko zote. Aliyekwisha kupoteza mizani huanguka kwa nguvu kidogo tu. Aliyesimama barabara utamvuta hadi jasho likutoke na hatang'oka.

Mafundisho hayo yametoka kwa Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, katika hekalu la Eishoji, kwenye ukumbi wa mikeka 12 tu. Kano hakuwa na umbo kubwa. Alikuwa amejifunza jujutsu, sanaa ya kale ya kupigana bila silaha, akakuta humo mbinu nyingi zinazofanya kazi bila mtu kueleza sababu. Yeye alitafuta sababu. Alichokiona ni kwamba mwili wa binadamu, hata uwe na nguvu vipi, una wakati unapokuwa mwepesi: mguu unapoinuliwa, uzito unapohama, pumzi inapobadilika. Kazi ya mchezaji ni kuutengeneza wakati huo na kuutumia kabla haujapita. Kwa mtu mwenye sentimita 146, fundisho hilo lilikuwa njia pekee iliyokuwa wazi.

Kazi huanzia mikononi. Mkono mmoja hushika mkono wa vazi la mpinzani, karibu na kiwiko. Mwingine hushika ukosi. Ule wa kwanza huvuta, ule wa pili huinua na kuelekeza. Kabla ya mwereka wowote kuna vita ya kushikana, na hiyo ndiyo vita ambayo mtazamaji huiona kama watu wanaopigana vikofi bure. Mpinzani mrefu hutaka kushika juu, nyuma ya shingo, apate kumkandamiza mfupi kichwa na kumkunja mgongo. Mfupi akikubali kushikwa hivyo, macho yake yataangalia mkeka, miguu yake itakwama, na pambano litakwisha hata kama saa bado inakwenda. Kwa hiyo mfupi hana budi kuwahi. Lazima ashike anapotaka kabla hajashikwa asipotaka, na akishikwa vibaya ajichomoe mara moja. Mikono ya Tani ilisifika kwa hilo: kasi ya kupata mshiko, na kasi ya kushambulia mara tu mshiko ulipopatikana. Wengi hushika, hutulia, hupima, kisha huingia. Kwake kushika na kuingia vilifuatana bila mwanya wa mtu kupumua.

Kisha huja kuingia kwenyewe. Mojawapo ya mbinu alizosifika nazo ni seoi nage, mwereka wa kumbeba mtu mgongoni. Mchezaji humvuta mpinzani mbele na juu, hugeuka akampa mgongo, hukunja magoti mpaka nyonga zake ziwe chini ya mkanda wa mwenzake, halafu hunyoosha magoti huku mikono ikiendelea kuvuta. Mpinzani hupita juu ya bega na kutua chali. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sidhani kuna mchezo mwingine ambamo methali hiyo ni kweli kwa mwili mzima namna hii. Aliye mrefu lazima ashuke sana ili afike chini ya mkanda wa mwenzake, na kushuka huko humchukulia muda. Tani alikuwa tayari karibu kufika. Kile ambacho kila mtu alikiona kuwa upungufu wake kilimpunguzia safari.

Lakini ufupi peke yake haumfanyi mtu kuwa bingwa. Wafupi ni wengi. Kilichomtenga yeye ni kwamba hakutegemea mlango mmoja. Mpinzani anayeogopa seoi nage hurudisha uzito nyuma na kukaza kiuno. Hapo hapo huja kouchi gari, ngwala ndogo ya ndani, ambayo hufyeka kisigino cha mguu uliotwikwa uzito. Akiikwepa ngwala kwa kusogea mbele, amejileta mwenyewe kwenye uchi mata, mwereka ambao mguu wa mshambuliaji hupenya katikati ya mapaja na kumnyanyua mtu kutoka ndani. Kila kinga ilimpeleka mpinzani kwenye shambulio jingine. Ndiyo maana kumsoma hakukutosha. Aliyejua majibu yote matatu bado alilazimika kuchagua moja, na alipochagua alikuwa amekwisha kuchelewa.

Kasi ya namna hiyo hujengwa kwa zoezi liitwalo uchikomi. Wachezaji wawili husimama wakikabiliana. Mmoja huingia kana kwamba anaangusha, hufika mahali pa mwisho, husimama hapo, hurudi, huingia tena. Hakuna anayeanguka, na hakuna pointi. Hurudiwa kumi, mia, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Mwalimu hupita akitazama vitu vidogo: je, mguu wa kwanza umetua kwa ncha au kwa wayo mzima? Je, mkono unaovuta umeshuka? Je, kichwa kimegeuka na mwili au kimebaki nyuma? Mguu ukitua kasoro ya upana wa vidole viwili, mwereka hutoka mzito, na mchezaji huanza kufidia kwa misuli. Anayefidia kwa misuli atashinda leo dhidi ya dhaifu, kesho atakwama kwa mwenye misuli zaidi. Hivyo anarudi kurekebisha mguu. Sijui kazi nyingine ya mwili inayodai uvumilivu wa aina hii kutoka kwa mtoto, na Ryoko, aliyezaliwa Fukuoka mwaka 1975, aliianza akiwa na miaka minane.

Alianza wakati mwema. Wanawake walifundishwa judo tangu enzi za Kano, na Kodokan, makao makuu ya mchezo huo, ilifungua idara yao mwaka 1926. Lakini walifundishwa bila kuruhusiwa kushindana. Mashindano ya kwanza ya taifa ya wanawake nchini Japani yalifanyika mwaka 1978. Ya kwanza ya dunia yalifanyika mwaka 1980 mjini New York, kwa juhudi za Mmarekani Rusty Kanokogi, ambaye mwaka 1959 aliwahi kushindana akijifanya mwanamume, akashinda, kisha akalazimika kuirudisha medali yake. Mwaka 1984 mjini Vienna, Kaori Yamaguchi akawa mwanamke wa kwanza wa Japani kuwa bingwa wa dunia. Kwenye Olimpiki, judo ya wanawake ilionyeshwa kwa majaribio Seoul mwaka 1988 na ikapewa medali rasmi Barcelona mwaka 1992. Binti wa Fukuoka aliingia ukumbini miaka michache tu baada ya mlango kufunguliwa. Dada zake wa kizazi cha nyuma walikuwa na ufundi. Hawakuwa na mahali pa kuupimia.

Desemba 1990, katika mashindano ya kimataifa ya wanawake yaliyofanyika mjini kwao, Ryoko Tamura, kama alivyoitwa wakati huo, alikutana na Karen Briggs wa Uingereza. Briggs alikuwa bingwa wa dunia mara nne na jina lake lilitisha katika uzani ule. Tamura alikuwa na miaka 15. Akamshinda, akatwaa taji. Wakati huo Wajapani walikuwa wakisoma kwa wingi hadithi za picha za Naoki Urasawa zilizoitwa Yawara!, kuhusu msichana mdogo wa umbo mwenye kipaji kikubwa cha judo. Jina la msichana huyo wa hadithi likahamia kwa msichana wa kweli: Yawara-chan. Lilimfuata maisha yake yote ya michezo.

Barcelona, akiwa na miaka 16, alimshinda tena Briggs katika nusu fainali. Fainali alikutana na Cécile Nowak wa Ufaransa, bingwa wa dunia wa 1991, akashindwa. Medali ya fedha kwa mtoto wa umri ule ni sherehe katika nchi nyingi. Katika Japani, nchi iliyozaa mchezo wenyewe, na kwa msichana ambaye taifa lilikwisha kumvika jina la shujaa wa hadithi, fedha ilikuwa deni.

Alianza kulilipa mara moja. Mwaka 1993 mjini Hamilton, Kanada, alitwaa ubingwa wa dunia. Mwaka 1995 aliurudia nyumbani, mjini Chiba. Alipofika Atlanta mwaka 1996 alikuwa ameshinda mapambano 84 mfululizo. Hakuna aliyeuliza kama atashinda. Waliuliza itachukua sekunde ngapi.

Fainali ya Atlanta inastahili kutazamwa kwa makini na kila mpenda ufundi. Mpinzani wake alikuwa Kye Sun-hui wa Korea Kaskazini, msichana wa miaka 16 aliyeingia mashindanoni kwa nafasi ya upendeleo, ambaye karibu hakuna aliyekuwa na habari zake. Limesimuliwa sana jambo hili, kwamba Kye alivaa vazi lake upande wa kulia ukiwa juu ya kushoto, kinyume cha desturi. Kwa asiyejua judo hilo ni jambo la nguo. Kwa mikono iliyoingia ukosi uleule mara elfu nyingi, ni kama mtu aliyehamishiwa kitasa cha mlango wa nyumba yake usiku. Kazi yote ya Tamura ilianzia kwenye mshiko uliokuja wenyewe bila kufikiri, na Kye alimlazimisha kufikiri. Alimbana, akamnyima mikono, akamshambulia bila heshima ya jina lake. Ippon, alama kamili inayomaliza pambano papo hapo, haikupatikana. Dakika nne zilipoisha, dhahabu ilikuwa ya Kye, na Tamura alibeba fedha ya pili.

Msije mkadhani Kye alibahatisha. Baadaye alikuwa bingwa wa dunia mara nne katika uzani mzito kuliko kilo 48. Tamura alikutana na gwiji ambaye ulimwengu ulikuwa haujamjua bado, kama Briggs alivyokutana na yeye mwenyewe pale Fukuoka. Lakini mshindwa hafarijiwi na hilo. Alikuwa na miaka 20, ana fedha mbili, na sasa kila mtu duniani alikuwa ameonyeshwa pa kumkamatia.

Hapa ndipo heshima yangu kwake huanza kuwa kubwa kuliko mshangao. Kipaji kilimfikisha Barcelona. Kilichomtoa Atlanta hadi Sydney ni kitu kingine. Fundi aliyeshindwa kwa sababu ya mazoea yake ana njia mbili: ayatupe mazoea, au ayapanue mpaka yaweze kumeza hali mpya. Kuyatupa ni kuanza upya ukiwa umechelewa. Kuyapanua ni kurudi kwenye uchikomi, kwenye mguu unaotua na mkono unaovuta, na kujifunza kuingia kutoka mshiko mbaya, kutoka nusu ya mshiko, kutoka upande usioupenda. Ni kazi isiyo na mtazamaji. Wakati huo aliendelea kushindana na kushinda: ubingwa wa dunia Paris mwaka 1997, kisha Birmingham mwaka 1999. Lakini kila alipopanda jukwaani Wajapani walikumbuka kuwa dunia si Olimpiki.

Kabla ya Sydney alitamka maneno ambayo Wajapani wengi wanayakumbuka hadi leo: matokeo bora kabisa ni dhahabu, na matokeo mabaya kabisa pia ni dhahabu. Ni ahadi ya kutisha kwa mtu mwenye fedha mbili. Alijifungia kila mlango wa kutokea. Tarehe 16 Septemba 2000 alifika fainali dhidi ya Lyubov Bruletova wa Urusi. Haikutimia dakika moja. Tamura alipata mshiko, mguu ukapenya ndani, uchi mata, na Bruletova akatua chali. Ippon. Miaka minane ya kungoja ilikwisha ndani ya muda ambao mtu hutumia kufunga kamba za viatu. Alilia pale pale. Baadaye alieleza kwamba alijisikia kama aliyekutana hatimaye na mpenzi wake wa kwanza.

Mwereka ule wa Sydney una kila kitu nilichokieleza hapo juu. Mikono iliwahi. Uzito wa mpinzani ulikuwa umekwisha kuhama kabla mguu haujaingia. Mwisho wa tendo, mshambuliaji bado alikuwa na mamlaka juu ya mwili uliokuwa ukianguka, na bila hilo mwamuzi hatoi ippon hata kishindo kiwe kikubwa vipi. Sheria hiyo naipenda sana. Judo haimpi tuzo kamili anayemtupa mtu ovyo. Inamtaka amshike hadi mwisho, amfikishe chini akijua anamfikisha wapi. Nguvu, kasi na uangalizi, vyote kwa pamoja.

Aliendelea. Munich mwaka 2001, Osaka mwaka 2003, ubingwa wa dunia mara sita sasa. Mwishoni mwa 2003 aliolewa na Yoshitomo Tani, mchezaji wa besiboli wa kulipwa, na jina likabadilika. Naye akabadilisha ahadi yake: akiwa Tamura ni dhahabu, akiwa Tani ni dhahabu. Wiki chache kabla ya Athens aliumia mguu mazoezini. Kwa mchezaji ambaye kila shambulio lake huanzia kwenye namna mguu unavyotua, jeraha hilo ni sawa na mwimbaji kupoteza sauti. Alikwenda, na katika fainali alimshinda Frédérique Jossinet wa Ufaransa. Dhahabu ya pili.

Mtu angeweza kuishia hapo bila kudaiwa kitu. Mwisho wa 2005 alijifungua mtoto wa kiume. Aliporudi mazoezini alikuwa na zaidi ya miaka 30, katika uzani ambao wasichana wa miaka 18 hukimbia kama swala, na alilazimika kuurudisha mwili uliobeba mimba kwenye kilo 48. Ahadi ikabadilika tena: hata akiwa mama, ni dhahabu.

Safari hii nchini kwake kulikuwa na upinzani wa kweli. Tomoko Fukumi, ambaye mwaka 2002 akiwa mwanafunzi wa sekondari alimkatisha Tamura ushindi wa miaka mingi ndani ya Japani, alimshinda tena Aprili 2007 katika mashindano ya taifa. Hata hivyo wateuzi walimpeleka Tani kwenye mashindano ya dunia ya Rio de Janeiro. Mwaka uliofuata Emi Yamagishi alimshinda katika mashindano kama hayo, na bado Tani ndiye aliyekwenda Olimpiki. Watu walilalamika, na walikuwa na hoja. Mchezo unaosema ushindi ni wa mkekani ulimpa nafasi aliyeshindwa mkekani. Sioni sababu ya kumtetea mtu kwa kuyaficha hayo. Fukumi na Yamagishi nao walikuwa wamerudia uchikomi wao maelfu ya mara. Ninachoweza kusema ni kwamba Rio alijibu kwa kazi yake. Septemba 2007, baada ya kukaa nje ya mashindano kwa muda mrefu na akiwa na mtoto nyumbani, alimshinda Yanet Bermoy wa Kuba katika fainali na kutwaa ubingwa wa saba. Kuanzia 1993 hadi siku hiyo, kila alipoingia mashindano ya dunia alitoka bingwa. Yale aliyoyakosa ni ya 2005 peke yake, akiwa mjamzito.

Beijing, mwaka 2008, ufundi ule ulikutana na kikomo chake. Katika nusu fainali dhidi ya Alina Dumitru wa Romania wachezaji wote wawili walizuiana mikono, na hakuna aliyepata nafasi. Judo humwadhibu asiyeshambulia. Sekunde za mwisho mwamuzi alimpa Tani adhabu, na adhabu hiyo ikaamua pambano. Tafakari hilo: mwanamke ambaye maisha yake yote yalikuwa kuingia kabla hajazuiwa aliondolewa kwa kosa la kutoingia. Alikuwa na miaka 32. Kasi ya kuziba mwanya kati ya kushika na kushambulia ilikuwa imepungua kidogo sana, na katika kiwango kile kidogo sana hutosha.

Siku hiyo hiyo alirudi mkekani kupigania shaba. Waliowahi kushindana wanajua ugumu wa pambano hilo: ndoto imekwisha, mwili umelegea, na mbele yako yupo mtu anayeihitaji medali hiyo kuliko wewe. Tani alimwangusha Lyudmila Bogdanova wa Urusi kwa ippon. Kwangu mimi ippon hiyo ya shaba inalingana na ile ya Sydney. Ya Sydney ilifanywa na mtu anayengoja furaha yake. Ya Beijing ilifanywa na mtu aliyekwisha kuipoteza, na mikono ikafanya kazi yake sawasawa.

Mwaka 2010 alichaguliwa kuingia katika baraza la juu la bunge la Japani, na mwaka huohuo akastaafu mashindano.

Kipimo cha ufundi wake kimeonekana zaidi baada ya kuondoka. Japani haikukosa warithi. Fukumi alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2009. Haruna Asami alifuata mwaka 2010 na 2011. Kumbi zilikuwepo, makocha walikuwepo, wasichana wenye mikanda myeusi walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Lakini baada ya Athens dhahabu ya Olimpiki ya kilo 48 ilikwenda kwingine kila mara: Dumitru wa Romania mwaka 2008, Sarah Menezes wa Brazili mwaka 2012, Paula Pareto wa Argentina mwaka 2016, Distria Krasniqi wa Kosovo katika michezo iliyofanyika Tokyo kwenyewe, mwaka 2021. Ilirudi Japani mwaka 2024 mjini Paris, kwa Natsumi Tsunoda, miaka 20 baada ya Athens. Tsunoda alizaliwa mwaka 1992, mwaka uleule Tamura alipobeba fedha Barcelona, na alipopanda jukwaa la ushindi alikuwa na miaka 31.

Tsunoda hafanani na Tani. Mbinu yake kuu ilikuwa tomoe nage: alimwekea mpinzani mguu tumboni, akajitupa mwenyewe chini kwa mgongo, na kumrusha mtu kupita juu ya kichwa. Aliiboresha mbinu hiyo moja kwa miaka mingi, wapinzani wote waliifahamu, na bado waliruka. Naona hapo ukoo wa ufundi uleule, ingawa mwereka ni mwingine. Anayekutazama akijua utakachofanya anaweza kushindwa kukuzuia ikiwa umekifanyia kazi kwa undani kuliko yeye alivyoifanyia kazi kinga yake.

Kwa hiyo ukibahatika kuona pambano la zamani la Ryoko Tani, usiufuate mwili unaoruka. Tazama mikono yake katika sekunde mbili za kabla ya hapo, kisha uutazame mguu wake wa kwanza unavyotua. Rudia kulitazama. Mara ya kwanza utaona kasi tu. Baadaye utaanza kuona kwamba mpinzani alikwisha kuanguka wakati bado amesimama, na kwamba hilo lilifanywa na msichana wa Fukuoka ambaye hakuchoka kurekebisha mahali pa kuweka mguu.